Urithi wa Mtoto na Chakula Chake

Mara nyingi tunasikia watu wakisema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Yaani upungufu uliotoka katika damu ya wazazi hauna dawa. Hebu tutazame jinsi wataalamu walivyolichunguza neno hili.

Njia moja ni kulinganisha mapacha. Mapacha wa yai moja wana urithi mmoja. Wa mayai mawili ni kama ndugu wengine tu. Tabia ikifanana zaidi kwa wale wa kwanza, hudhaniwa kuwa urithi una nguvu. Njia hii ni nzuri, lakini hueleza habari za watu wengi kwa jumla. Haituambii mtoto mmoja asaidiwe vipi. Kwa hiyo nitaeleza habari nyingine.

Huko Norwe palikuwa na mama mwenye watoto wawili, msichana na mvulana. Walizaliwa wazima, lakini akili zao hazikukua, na tena walikuwa na harufu ya ajabu. Mama aliwaendea madaktari wengi asipate jibu. Mwaka 1934 Dakta Asbjørn Følling alitia dawa yenye chuma katika mikojo yao, ikageuka kijani. Hakuridhika upesi. Aliagiza watoto wasinywe dawa yoyote kwa juma zima, akapima tena. Kijani kile kile. Ndipo akapima mikojo ya mamia ya watu wenye upungufu wa akili waliokuwa wakitunzwa, akapata wengine wenye dalili hiyo. Baadhi yao walikuwa ndugu.

Ugonjwa wenyewe ni huu: mwili hauwezi kuvunja fenilalanini, kitu kilichomo katika nyama, maziwa, mayai na maharagwe. Kikijaa katika damu huharibu ubongo. Mtoto huugua akirithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia, na wazazi hao wenyewe ni wazima kabisa.

Mwaka 1953 Dakta Horst Bickel na wenzake wa Birmingham, Uingereza, walitoa habari za msichana mdogo asiyeweza kusimama, aliyelia na kugonga kichwa chake mchana kutwa. Walimpa chakula kilichoondolewa fenilalanini. Baada ya miezi akatambaa, akasimama, akaacha kujigonga. Je, ni chakula kweli, au ni bahati? Wakairudisha fenilalanini kwa siri, bila kumwambia mama yake, na mtoto akarudi nyuma mara moja. Ushahidi ulikuwa wazi, ingawa siku hizi daktari hana ruhusa ya kumficha mzazi jambo kama hilo.

Lakini ubongo ulioharibika haurudi wote. Katika miaka ya 1960 Dakta Robert Guthrie wa Marekani alieneza kipimo cha tone la damu linalotolewa kisiginoni mwa mtoto mchanga. Anayegunduliwa hivyo, akaanzishiwa chakula chake katika siku za kwanza na kukishika, hukua na kusoma pamoja na wenziwe, na jeni zake ni zile zile alizozaliwa nazo.