Mashine Moja ya Samaki, Mitumbwi Mitano: Tengenezeni Kishikizo cha Kutia na Kutoa

Kikundi cha wavuvi kikichangishana hadi kununua mashine ya kutafuta samaki, swali la kwanza huwa: ifungwe kwenye mtumbwi wa nani? Ikipigiliwa kwa mwenyekiti, baada ya miezi michache watu watasema ni ya mwenyekiti. Hapo sasa ugomvi unaingia na michango inakoma. Dawa ni kishikizo cha mbao ambacho mtumbwi wowote huvalishwa asubuhi na kuvuliwa jioni, bila kutoboa tundu hata moja.

MASHINE INAFANYAJE KAZI?

Ina kioo cha kutazamia, betri, na kichwa kidogo kinachozama majini. Kichwa hiki hutoa sauti tusiyoweza kuisikia. Sauti ikigonga mwamba au samaki hurudi kama mwangwi. Katika maji ya bahari sauti husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde. Kwa hiyo ikienda na kurudi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, chini ni mita 75. Mashine hupiga hesabu hiyo na kuchora picha. Lakini haiwaambii kama ni changu au tafi. Hapo bado mnahitaji ujuzi wa wazee.

Sauti haipiti vizuri kwenye mapovu. Basi kichwa kikae mbali na kafi, na kitazame chini wima. Kikiinama, picha inadanganya.

VIFAA

- Mbao mbili ngumu na kavu, urefu sm 30, upana sm 10
- Kipande cha mbao cha kukaa kati yake
- Ubao mwembamba ulionyooka, urefu mita 1
- Bolti mbili nene za sm 10 na nati zake, na bolti moja ya nati yenye masikio, inayofungwa kwa vidole
- Gundi, skurubu, mpira wa tyubu kuukuu, kamba, fyuzi, na mkebe wa plastiki wenye kifuniko

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Pimeni unene wa ukingo wa kila mtumbwi wa kikundi. Chukueni ule mnene kuliko yote, mwongeze sm 3. Huo ndio unene wa kipande cha kati.

2. Unganisheni mbao mbili na kipande hicho, umbo liwe kama tandiko la punda: likae juu ya ukingo, mguu mmoja nje, mwingine ndani.

3. Mguu wa ndani utoboeni matundu mawili ya zile bolti nene. Nati zizamishwe upande unaoelekea ubavu wa mtumbwi, la sivyo zitang'oka mkikaza. Kati ya bolti na ubavu wekeni kibao kilichovikwa mpira.

4. Ule ubao mrefu ufungeni kwenye mguu wa nje kwa bolti moja tu. Chini ya bolti pitisheni kijiti cha mti laini. Ubao ukigonga mwamba, kijiti kitavunjika, ubao utaruka juu, na mashine itasalimika. Bebeni vijiti vya akiba.

5. Kichwa kifungwe ncha ya chini ya ubao, kizame kupita tumbo la mtumbwi kidogo. Kioo kikae juu ya tandiko.

6. Kila kitu kifungwe kwa kamba kwenye taruma. Kikianguka, kisizame na pesa zenu.

BETRI

Mashine nyingi ndogo hutumia betri ya volti 12. Itieni ndani ya mkebe, na fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Ukubwa wa fyuzi umeandikwa katika kijitabu cha mashine. Betri ya saa-ampea 7, mashine ikila nusu ampea, hutoa saa 14 kwa hesabu. Lakini msiimalize, saa 7 zatosha, kisha ichajiwe. Mkirudi, osheni kishikizo kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

KANUNI ZA KIKUNDI

Andikeni daftari: nani amechukua, siku gani, amerudisha ikiwa hali gani. Zamu zipangwe mbele ya wote, na mkubaliane mapema nani atalipa kitu kikipotea.

Tena tukumbuke: mashine haiongezi samaki baharini. Inaonyesha tu waliopo. Kamati ya BMU ikisema mahali fulani samaki wanazaliana, mashine isiwe sababu ya kwenda kuwamaliza.

Katika Luka 5 tunasoma habari za Simoni Petro, aliyekesha bila kupata kitu. Nyavu zilipojaa, waliita wenzao wa chombo kingine. Samaki walitosha vyombo vyote viwili.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mali gani ya kikundi chetu imegeuka kuwa ya mtu mmoja? Ilianzaje?
2. Nani atatunza daftari, na nani atalikagua?
3. Ni mahali gani tutakubaliana tusivue hata mashine ikionyesha samaki?