Kipande cha ADN kilichovamia nzi wa matunda wa dunia nzima

Nzi mdogo mwenye macho mekundu, yule anayezunguka ndizi zilizoiva na vidumu vya kasiksi, si sawa na yule aliyekuwako miaka mia moja iliyopita. Kwa macho hakuna tofauti. Lakini katika ADN yake mna kipande ambacho mababu zake hawakuwa nacho. Hakukirithi kwa wazazi wa kale. Kilitoka kwa nzi wa aina nyingine, na kwa miaka 30 hivi kikawa kimeenea karibu kila pahali nzi huyu anapoishi.

Wataalamu wanamuita Drosophila melanogaster. Kipande chenyewe wanakiita P.

Ni katika miaka ya 1970 ndipo watafiti walianza kuona kwamba kuna jambo. Wakati huo nzi wa matunda alikuwa amekwisha kufugwa katika laboratwari kwa miaka zaidi ya 60, tangu Thomas Hunt Morgan alipoanza kumfuga ndani ya chupa za maziwa huko New York na kumlisha ndizi. Chupa hizo ziliendelea kupita kutoka mkono hadi mkono, kizazi kwa kizazi. Lakini mtafiti alipochukua dume aliyekamatwa porini na kumpandisha kwa jike wa labo, watoto waliozaliwa walikuwa na kasoro. Walikuwa wazima wa mwili, wanaruka na kula vizuri, ila hawakuweza kuzaa, hasa walipolelewa kwenye joto la digrii 28 au 29. Ovari zao hazikukua. Na wale waliobahatika kuzaa walipata watoto wenye mabadiliko mengi ya ajabu katika ADN.

La kushangaza zaidi ni kwamba mambo yalipogeuzwa, dume wa labo na jike wa porini, hakuna shida iliyotokea. Damu ni zile zile mbili, lakini matokeo ni mbali mbali.

Mwaka wa 1977, Margaret Kidwell, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani, pamoja na wenzake wawili, walieleza ugonjwa huo wa machotara kwa ukamilifu. Baadaye Kidwell alipima chupa nyingi za nzi kufuatana na mwaka zilipoanzishwa. Nzi waliokamatwa mbele ya mwaka wa 1950 hawakuwa na kipande P. Wale waliokamatwa porini miaka ya karibu walikuwa nacho. Wengine walifikiri kwamba pengine nzi wa labo ndio waliokipoteza. Lakini ushahidi ulielekea upande mwingine: ni wa porini waliovamiwa, huku ndugu zao wakiwa wamefungiwa salama ndani ya chupa.

P ni moja ya vipande vya ADN vinavyohama. Barbara McClintock alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1940, akichunguza mahindi, kwamba vipande vya namna hiyo vipo. Wengi hawakumsikiliza, na tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka wa 1983, akiwa na miaka 81. Kipande P kina herufi 2,907, katika jenomu yenye herufi karibu milioni 180. Ndani yake mna maagizo ya kutengeneza kimeng'enya kimoja, na kazi ya kimeng'enya hicho ni kukikata P na kukipandika pahali pengine. Pengo linaloachwa, seli hulirekebisha kwa kuiga nakala iliyobaki, na hivyo kimoja kinakuwa viwili. Hakimfanyii nzi kazi yoyote. Kinajizalisha tu, na kinafanya hivyo katika seli za uzazi peke yake, mule ambamo kuruka kwake kunapita kwa watoto. Mwizi huyu anajua mlango wa kuingilia.

Kilitoka wapi? Watafiti walikitafuta kwa nzi wa jamii ya karibu, hawakukiona. Wakakiona kwa Drosophila willistoni, nzi wa Amerika ya Kati na ya Kusini ambaye ukoo wake uliachana na ule wa melanogaster makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Mwaka wa 1990 ilionekana kwamba P ya nzi hao wawili inatofautiana kwa herufi moja tu kati ya zile 2,907. Mbali hivyo kwa ukoo, karibu hivyo kwa maandishi: hiyo haiwezi kuwa urithi wa babu mmoja.

Hapa Afrika inaingia katika hadithi. Melanogaster ni mzaliwa wa bara hili, kusini mwa Sahara. Alimfuata binadamu na matunda yake hadi akavuka bahari. Huko Amerika ndiko alikokutana na willistoni juu ya matunda yale yale yanayooza. Nzi hao wawili hawapandani. Mshukiwa mmoja ni kidudu kidogo sana cha jamii ya kupe, Proctolaelaps regalis, kinachonyonya mayai ya nzi: mwaka wa 1991 Kidwell na wenzake walionyesha kwamba kinaweza kubeba ADN hiyo. Kwa njia yoyote ile, kipande P kikatoka Amerika, kikafika Ulaya, Asia, na kikarudi hata Afrika, kwao na melanogaster mwenyewe.

Sasa swali ambalo lingemsumbua kila mfugaji: kama P inaharibu uzazi, namna gani nzi hawakuisha?

Jibu lilipatikana mwaka wa 2008, na linaeleza pia ile tofauti kati ya mama na baba. Jike wa porini anaweka ndani ya mayai yake vipande vifupi vya ARN, vyenye herufi 23 hadi 29, vinavyomtambua P na kumziba mdomo. Mbegu ya dume haibebi ulinzi huo. Kwa hiyo mtoto anayepokea P kutoka kwa baba, bila ulinzi wa mama, anaachwa uchi. ARN hizo zinatokana na sehemu za jenomu zilizo kama mitego: P anaporuka na kuangukia humo, maandishi yake yanageuka silaha ya kumpinga. Mwaka wa 2011 ilionekana kwamba hata majike machotara waliokuwa tasa ujanani walianza kutaga mayai tena baada ya wiki tatu hivi, ulinzi ulipokwisha kujengeka.

Binadamu naye alimtumia mvamizi huyo. Mwaka wa 1982 Gerald Rubin na Allan Spradling walimbebesha P jeni ya rangi ya macho, wakaiingiza kwa nzi waliokosa jeni hiyo, na macho yakapata rangi yake ya kawaida.

Na uvamizi haujakoma. Mwaka wa 2015, kundi la watafiti wa Vienna, Austria, lilitangaza kwamba P imeingia kwa nzi mwingine, Drosophila simulans. Ilionekana kwa nzi waliokamatwa Florida na Afrika ya Kusini. Mwaka wa 2024 Robert Kofler na wenzake wa mji ule ule walieleza kipande kingine, walichokipa jina Spoink, kilichomwingia melanogaster kati ya miaka ya 1980 na 1990, nacho kikitokea kwa ndugu za willistoni. Wakati huo wote, katika laboratwari za nchi nyingi, nzi wa ukoo wa kale bado wanalishwa ndani ya chupa zao, bila P na bila Spoink.