Mafuta yakimwagika baharini, nani atakuwa wa kwanza kufika Koyama?

Koyama ni miongoni mwa visiwa vya Wabajuni vilivyojipanga kusini mwa Kismayo, pamoja na Chovai na Chula, kuelekea Ras Kamboni. Wakaazi wake hutegemea bahari kwa riziki. Bahari hiyohiyo ni njia ya meli za mafuta, na mwezi Oktoba 2024 meli ya utafiti ya Uturuki, Oruç Reis, iliwasili Somalia kuchunguza mafuta na gesi chini ya bahari. Kwa hiyo suala la kuwafunza watu kukabiliana na mafuta yaliyomwagika si la kungoja ajali itokee.

Funzo la karibu linatoka Mauritius. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya MV Wakashio ilikwama kwenye miamba ya kisiwa hicho. Siku 12 baadaye ilianza kuvuja, na takriban tani 1,000 za mafuta mazito zikaingia baharini. Maelfu ya raia walijitolea, wakashona vizuizi vinavyoelea kwa majani ya miwa na nyavu. Moyo wao ulisifiwa, lakini wengi waligusa mafuta hayo bila mafunzo wala mavazi ya kujikinga.

Wafanyakazi hufundishwa nini?

Somo la kwanza ni usalama wao wenyewe. Mafuta mabichi yaliyomwagika karibuni hutoa mvuke wenye sumu unaoweza pia kushika moto. Anayeyakaribia hutakiwa kuja kutoka upande unakotoka upepo, akiwa amevaa glavu na viatu vya mpira.

La pili ni kusoma upepo na mkondo. Mafuta huelea yakifuata mkondo, huku upepo ukiyasukuma kwa takriban asilimia 3 ya kasi yake. Wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia hushuka kusini. Wakati wa kusi hupanda kaskazini kwa nguvu. Hivyo mafuta yaliyomwagika mbele ya Mogadishu yanaweza kuelekea visiwani msimu mmoja, na yale ya upande wa Kenya msimu mwingine. Elimu hiyo mvuvi wa Koyama anayo tayari.

La tatu ni matumizi ya vizuizi. Kizuizi kikitegwa kukabili mkondo moja kwa moja, mafuta hupita chini yake pindi kasi ya maji inapozidi takriban fundo 0.7. Hivyo hutegwa kwa mshazari, ili mafuta yaelekezwe mahali pa kuyachota.

La nne ni kujua pa kulinda kwanza. Mikoko hutangulia, kwani mafuta yakishaingia kwenye mizizi ni shida kuyatoa, na watu wakikanyaga tope huyashindilia chini zaidi. Kemikali za kutawanya mafuta hazimwagwi ovyo kwenye maji ya kina kifupi karibu na matumbawe. Mchanga uliochafuka huhifadhiwa juu ya upeo wa maji kujaa, ili bahari isiuchukue tena.

La mwisho ni kumbukumbu: tarehe, picha, na hesabu ya samaki waliokuwa wakivuliwa kabla ya ajali. Bila hizo, mvuvi hupata taabu kuthibitisha hasara yake anapodai fidia.

Mafunzo ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, yana madaraja matatu: wanaofanya kazi majini na ufukweni, wasimamizi wa eneo la tukio, na maafisa wakuu wenye kutoa maamuzi. Mkataba wa Nairobi wa 1985, ambao Somalia ni mwanachama wake, nao una itifaki ya kusaidiana nchi moja inapofikwa na dharura kama hiyo.

Hata hivyo, msaada wa nje huchukua siku, na mafuta hayangoji. Atakayeyaona kwanza ni mvuvi aliye katika mashua yake. Daraja la kwanza la mafunzo litamfaa pale litakapomfikia kisiwani, kwa lugha anayoizungumza nyumbani.