Je, Wajua? Pawatila Hainunuliwi kwa Hospawa

Je, wajua kwamba ukilima ekari moja kwa pawatila, ile mashine ya kulimia unayoifuata kwa miguu, yenye upana wa sentimita 60, utatembea kilomita 6.7? Ekari ni mita za mraba 4,047. Gawanya kwa 0.6 upate mita za kutembea, na hapo kugeuza kila mwisho wa shamba hakujahesabiwa. Mashine ya sentimita 30 itakutembeza kilomita 13 na nusu. Plau la ng'ombe linalokata sentimita 20 hufikisha 20, na ndiyo maana vijana wa plau hawana vitambi. Basi dukani uliza upana kabla ya kuuliza hospawa.

Je, wajua kwamba hospawa zenyewe zina lugha mbili? Injini ya Honda GX200, inayofungwa kwenye mashine nyingi za bustani, zamani iliandikwa 6.5. Siku hizi inaandikwa 5.5. Injini haikudhoofika, kilichobadilika ni namna ya kupima. Kwa hiyo ukiona boksi jingine limeandikwa 7 kwa injini ya ukubwa uleule, usikimbilie kutoa pesa.

Mashine ndogo yenye visu mbele, je, wajua kwamba haina gurudumu linaloivuta? Visu vyenyewe ndivyo miguu yake. Kile chuma kinachoning'inia nyuma, ambacho wengi hukifungua siku ya kwanza wakidhani kinakwamisha, ndicho breki na ndicho kipimo cha kina. Kandamiza mishikio, chuma kinauma ardhi, mashine inapunguza mwendo na visu vinazama. Ukikitoa, itarukaruka juu ya udongo mgumu na kukuburuta hadi kwenye michicha ya jirani.

Visu vikiwa nyuma ya magurudumu mambo hubadilika. Magurudumu yanavuta, visu vinachimba. Nyingine huzungusha visu kinyume na mwendo, nazo ndizo za kuvunjia ardhi ambayo haijalimwa. Uzito ndio unaozifanya zisiruke. Mashine nyepesi ni nzuri kwa tuta la udongo tifutifu lililokwisha kulimwa; kwenye udongo wa mbuga uliokauka na kupasuka ni hasara tupu.

Je, wajua kwamba kisu chenye umbo la herufi L, ambacho ndicho utakachokiona kwenye rotaveta nyingi leo, kina uhusiano na kijana wa shamba la Australia? Arthur Clifford Howard alianza majaribio yake mwaka 1912 huko Gilgandra, New South Wales. Visu vyake vya kwanza vilirusha udongo pembeni, ndipo akavipinda. Kwa upande wa Marekani, mpiga picha wa West Virginia, Benjamin Gravely, alipata hataza ya plau lake la injini mwaka 1916. Alikuwa ameliunganisha kwa vipuri vya pikipiki, kama mafundi wetu wa Gerezani wangefanya.

Tukija nyumbani Tanzania: mpango wa Kilimo Kwanza ulipozinduliwa Dodoma mwezi Agosti 2009, pawatila zikawa wimbo wa halmashauri. Kwenye majaruba ya mpunga, palipo na maji na udongo laini, ziko kwao: unafunga magurudumu ya chuma, zinalivuruga tope vizuri kabisa. Kwenye nchi kavu yenye udongo mgumu, mashine ileile ilionekana mzigo. Wakulima wakasema mashine ni mbovu. Mimi nasema ilipelekwa pasipo pake.

Je, wajua kwamba ile dizeli ya silinda moja ya Kichina, iliyolala chali na tangi la maji wazi juu yake, imeundwa ili maji yachemke? Mvuke ukitoka, usiizime kwa hofu. Maji yanayogeuka mvuke ndiyo yanayoondoa joto. Angalia kile kiboya kidogo chekundu, kikishuka ongeza maji. Aina ya S195, yenye sentimita za ujazo 815 na nguvu ya hospawa 12 hivi, inajulikana na mafundi wengi, na spea zake hazisumbui kupatikana. Kwa mnunuzi wa kijijini sifa hiyo inashinda rangi mpya ya kung'aa.

Lakini kwa bustani ya robo ekari nyuma ya nyumba, dizeli hiyo ni ya nini? Injini peke yake huinuliwa na wanaume wawili au watatu. Chukua ya petroli, na kabla ya kulipa pima upana wa geti lako.

Je, wajua kwamba rotaveta inaweza kuwa mbegu ya ndago? Vitunguu vyake huko chini vimeunganishwa kama shanga, na kikiota cha mwisho vingine husubiri. Visu vikiukata mnyororo, kila kimoja kinajiona huru na kuota. Shamba lililojaa ndago lisilimwe kwa visu kabla ya kuzipunguza, labda kwa kuzing'oa pamoja na vitunguu vyake.

Je, wajua pia kwamba kulima kina kilekile kila msimu hutengeneza tabaka gumu chini ya visu? Juu udongo ni unga, chini ni sakafu, mizizi inapinda na maji yanatuama. Hali huwa mbaya zaidi udongo ukiwa mbichi. Finyanga donge mkononi uliangushe kutoka kiunoni: likisambaratika, lima, likibaki donge, rudi ukanywe chai.

Na wewe wa milimani, wa Lushoto au Mgeta, sikiliza hili kabla hujashika mishikio ya pawatila kubwa yenye klachi mbili za kukatia kona. Kwenye tambarare ukibana klachi ya kushoto, mashine inakata kushoto, kwa kuwa gurudumu la kulia ndilo linalosukuma. Kwenye mteremko gurudumu lililoachiwa ndilo linalokimbia, na lile jingine linazuiwa na injini. Ukibana kushoto inakwenda kulia! Dereva mgeni akiona hivyo hubana kwa nguvu zaidi, na korongo liko huko huko kulia. Wazoefu hushuka kwa gia ya chini na kugeuza kwa kusukuma mishikio, klachi hawazigusi. Muuzaji asipokueleza hilo, mwombe akupeleke kwenye mteremko mdogo aonyeshe mwenyewe, na rivasi aiingize pasipo na ukuta wala mti nyuma ya mgongo wake.