Chipu za Kasino: Fedha Isiyofanana na Fedha

Mfanyakazi apokeapo mshahara huzijua noti zake moja moja. Hii ni kodi ya nyumba, hii ni ya unga, hii ni ada ya mtoto. Je, noti hizo zikigeuzwa kuwa visahani vya rangi, bado atazitambua? Hilo ndilo swali limpasalo kila atamaniye kujaribu bahati yake katika kasino.

Tuutazame mji wa Las Vegas, katika jimbo la Nevada, Marekani, ambako kamari iliruhusiwa kisheria mwaka 1931. Mchezaji akiketi mezani huweka noti zake mbele ya mchezeshaji. Huyu huzitandaza zionekane, huzihesabu, kisha huzitumbukiza katika sanduku lililofungwa chini ya meza. Badala yake mchezaji hupewa chipu, yaani visahani vya duara vyenye upana wa kama sentimita 4. Msomaji asizichanganye na chipsi za viazi. Hizo angalau hushibisha.

Katika kasino nyingi za huko chipu nyekundu ni dola 5, ya kijani dola 25, na nyeusi dola 100. Kwenye meza ya ruleti kila mchezaji hupewa rangi yake mwenyewe, na chipu hizo hazina thamani nje ya meza ile.

Wenye kasino wana sababu zao. Chipu huhesabika upesi, na mwizi hawezi kwenda nazo dukani. Desemba 2010, mtu aliyevaa kofia ya pikipiki alipora kwa bastola chipu za kama dola milioni 1.5 katika kasino ya Bellagio. Kasino ikatangaza kuziondoa chipu zake za dola 25,000. Mporaji alikamatwa baada ya kujaribu kuziuza alizoiba.

Lakini faida kubwa kwa kasino ni kwamba chipu humsahaulisha mchezaji. Atoaye noti ya dola 100 huumia moyoni. Asukumaye kisahani cheusi huona anacheza tu. Hata akishinda hulipwa chipu, si fedha. Ili zigeuke kuwa fedha hana budi kuinuka na kwenda dirishani kwa mtunza fedha, na njiani zipo meza nyingine zinazomwita.

Na hesabu haimpendelei. Gurudumu la ruleti la Kimarekani lina nafasi 38. Ukiweka chipu moja kwenye kila nafasi, umetoa 38. Nafasi moja itashinda, nawe utarudishiwa 36. Mbili zimekwenda, wala hapana aliyekuibia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hujakipokea kisahani cha kwanza, kihesabu kwa unga na kwa ada ya mtoto. Huenda ukaona ni kizito mno kukisukuma.