Njaa ya Ng'ombe na Majani ya Sumu

Mkulima akiona mmea wenye sumu shambani, fikira yake ya kwanza ni jembe; lakini Mmasai, ambaye malisho yake ni mapana kupita nguvu za jembe lolote, tangu kale ameielekeza hadhari yake kwa mnyama kuliko kwa mmea. Ng'ombe aliyeshiba hubagua majani, mwenye njaa habagui. Na juu ya neno hili umejengwa uchungaji wake wote.

Mtoto wa kiume huanza na wana-mbuzi na wana-kondoo kando ya boma, kisha hukabidhiwa ndama, na akiisha kuaminika hupewa ng'ombe wakubwa. Na katika daraja hizo zote hufundishwa lipi jani la kulisha, lipi la kutibu na lipi la kuua. Msunguti, ambao kwao ni olmorijoi, huujua mapema, maana ndio mti ambao Wagiriama na Wakamba huchemsha magogo yake hata ikapatikana lami nyeusi ya kupaka mishale, sumu ambayo ikiingia damuni husimamisha moyo. Ajabu ni kwamba tunda lake likiiva likawa jeusi huliwa na watu, hali jani na gome ni mauti. Aghalabu mifugo huupita bila kuugusa. Hatari huja katika kiangazi kirefu, nyasi zimekwisha nao ungali na majani mabichi, na hapo mchungaji mwenye busara hathubutu kupitisha kundi lenye njaa karibu nao. Mnyama mgeni, aliyenunuliwa mbali na asiyeijua ardhi, ndiye wa kuangaliwa zaidi. Ndama na wagonjwa hutengewa olopololi, malisho ya jirani na boma yasiyoingiwa na kundi kubwa.

Silaha nyingine ilikuwa moto, uliowashwa katika nyasi kuukuu ili nyasi changa zipate kuchipua. Mwaka 1974 Wamasai waliokaa ndani ya kreta ya Ngorongoro walitolewa, na moto wao ukakoma. Baadaye magugu, miongoni mwao Gutenbergia cordifolia, ambalo linadhaniwa kudhuru vijidudu vya tumboni vimsaidiavyo ng'ombe kumeng'enya majani, yakatanda penye nyasi. Sisemi moto ungalizuia yote, kwani ukame nao ulikuwa na taksiri yake. Lakini wahifadhi wenyewe, baada ya miaka mingi ya kuukataza, walirudi kuchoma malisho yale kwa mpango, na kuyafyeka magugu kabla hayajatoa mbegu.