Namba ya Till ikibadilishwa usiku, utajuaje?

Chukulia hivi. Uko Wamagana, una laptopu ya mtumba na umepata kazi yako ya kwanza ya maana: tovuti ya kikundi cha wakulima. Kwenye ukurasa wa malipo umeweka namba ya Till ya M-Pesa. Usiku mmoja mtu anaingia kwenye seva, anafuta namba hiyo na kuweka yake. Picha ziko vile vile, rangi ni ile ile, na wateja wanaendelea kulipa. Wewe unakuja kujua siku ya tatu, mwenyekiti akikupigia simu kwa sauti isiyo ya mchezo.

Afadhali mdukuzi mwenye majivuno. Januari 2012, mmoja kutoka Indonesia aliyejiita direxer alivuruga tovuti 103 za serikali ya Kenya, na kila aliyezifungua aliona. Huyu wa Till hataki uone kitu.

Sasa cheki. Kila faili unaweza kuitolea alama, kama ya kidole. Njia inayotumika sana inaitwa SHA-256, na alama yake ni herufi na tarakimu 64. Jaribu mwenyewe: andika "Wamagana" kwenye faili, halafu kwenye Linux tumia amri ya sha256sum ikifuatwa na jina la faili. Ondoa herufi moja, rudia. Alama yote imegeuka, utadhani ni faili nyingine kabisa.

Mlinzi wako anajengwa juu ya hapo. Tovuti ikiwa safi, unachukua alama za faili zote na kuziweka kwenye orodha. Skripti fupi inaamka kila dakika 5, inapiga alama upya na kulinganisha. Isipofanana, inahamisha faili iliyochezewa kando, inarudisha nakala safi na kukutumia ujumbe. Wazo hili si la jana. Mwaka 1992 Gene Kim na Gene Spafford wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitengeneza Tripwire, programu ya kugundua mabadiliko ya aina hii.

Na kama umekulia kwenye saiba, umeshakutana na binamu yake. Ulihifadhi CV yako kwenye kompyuta, ikazimwa na kuwashwa, CV ikapotea. Ulimlaumu mwenye saiba bure. Programu kama Deep Freeze huirudisha mashine ilivyokuwa kila inapowashwa, virusi na CV vyote vinaenda.

Lakini usijidanganye. Ukiacha orodha na nakala safi kwenye seva ile ile, aliyebadilisha Till atabadilisha na orodha pia. Ziweke kwingine, mahali ambapo nywila ya tovuti haifiki, na ukaguzi uendeshwe kutoka huko huko. Pia, tovuti nyingi za WordPress huweka maandishi ya kurasa kwenye hifadhidata, si kwenye faili. Kama Till yako iko huko, skripti ya faili itakwambia mambo ni shwari huku pesa zikienda kwa mwingine. Hapo inabidi ukurasa wenyewe, kama mteja anavyouona, ndio ukaguliwe.

Kurudisha faili hakufungi mlango pia. Ujumbe ukiingia saa nane usiku, amka: badilisha nywila, sasisha programu-jalizi, soma kumbukumbu za seva. Ile faili iliyochezewa usiifute, maana ni ushahidi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamweka mhusika kwenye hatari ya faini ya hadi Sh10 milioni, kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili.

Na siku kikundi kitakapobadilisha Till kihalali, mlaze mlinzi kwanza na uandike orodha mpya. La sivyo atarudisha ile ya zamani kila dakika 5, na utabishana na skripti yako mwenyewe hadi alfajiri.